Maswali ya wasomaji: Hotuba ya bosi haijengi choo

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wenye kampuni na maofisa utumishi wanaotaka kuajiri watu wenye ulemavu, au walioajiri wakakwama njiani. Tumechagua tisa. Majina tumeyaacha, mahali tumepataja, kwa sababu sheria ya Dodoma si ya Mombasa.

Ndugu mhariri, nina kiwanda cha samaki chenye wafanyakazi 140. Nimeambiwa asilimia 3 lazima wawe watu wenye ulemavu. Nilitangaza nafasi sita, hakuja hata mmoja. Nikawatoe wapi? — Mmiliki, Mwanza

Umeambiwa kweli. Sheria ya Watu wenye Ulemavu Namba 9 ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi afikishe asilimia 3. Kwa watu 140 hesabu inatoka 4.2, kwa hiyo lenga watano; ukiweka wanne umepungukiwa.

Kabla hujatafuta watu, lisome upya tangazo lako. Mara nyingi mlango umefungwa na mstari mmoja: "awe na afya njema ya mwili na akili". Mwingine ni "awe na leseni ya udereva", na kazi yenyewe ni kubandika lebo. Futa. Andika kwamba watu wenye ulemavu wanahimizwa kuomba, na kwamba anayehitaji marekebisho yoyote ili afanye usaili aseme mapema. Weka namba inayopokea meseji, si ya kupigiwa tu, maana kiziwi hatakupigia. Kama tangazo linapita WhatsApp, lisiende kama picha peke yake: simu ya asiyeona husoma maandishi, mara nyingi haisomi picha ya maandishi. Kisha lipeleke waliko watu, yaani SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, na vyama vilivyo chini yake vya viziwi, wasioona, wenye ualbino na wenye ulemavu wa viungo, pamoja na vyuo vya ufundi vya VETA. Wape wiki tatu, kwa sababu habari huko wilayani hupita mdomo kwa mdomo.

Wakati unasubiri, ivunje kazi vipande. Pita kiwandani na karatasi: kupokea, kuosha, kukata minofu, kupima, kufungasha, lebo, chumba cha baridi, stoo, ofisi. Kila kipande andika kinataka nini hasa. Kusimama kwa muda wa saa ngapi? Kubeba kilo ngapi? Kuona kitu cha ukubwa gani? Kusikia nini? Utakuta mizani na lebo zinafanywa na mtu aliyekaa kwenye kiti mwendo, mradi meza ishuke hadi sentimita 75 hivi na chini yake kuwe wazi magoti yaingie. Kukata minofu hakuhitaji sikio. Kinachohitaji sikio ni king'ora, nacho unakiongezea taa ya kumweka. Sakafu yako yenye maji ndiyo ya kuiogopa zaidi: mpira wa chini ya gongo ukilika, gongo linateleza kama sabuni. Nunua mipira ya akiba, ikaguliwe kila mwezi kama unavyokagua visu.

Kosa tunaloliona kila mara ni kuwarundika wote watano kwenye ufagio na getini. Idadi itatimia, ila mwenye cheti cha ufundi umeme hatakaa getini miaka miwili. Ataondoka, nawe utarudi kwenye tangazo.

Na tafadhali, usiwapange mstari walio kazini tayari kuona nani ana kilema. Toa fomu ya siri, ya hiari, ieleze itatumika kwa nini na nani ataiona.

Habari za kazi. Mkurugenzi wetu mkuu anaunga mkono ajira za watu wenye ulemavu. Kila tarehe 3 Desemba anatoa hotuba nzuri na tunakata keki. Lakini wakuu wa vitengo hawaajiri. Nimwambie nini? — Ofisa utumishi, Dodoma

Dada, bosi wako hajakosa nia, amekosa kazi ya kufanya. Siku hiyo ya kimataifa ya watu wenye ulemavu ilitangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1992, na tangu hapo hotuba hazijapungua. Kuna mambo machache ambayo hakuna mwingine kwenye kampuni mwenye mamlaka nayo. Mpelekee hayo tu.

La kwanza ni fedha zinakatwa wapi. Mkuu wa kitengo ana bajeti yake ya mwaka na anapimwa kwayo. Akimwajiri kiziwi, malipo ya mkalimani yanaingia kwenye kitengo chake, na mwisho wa robo mwaka anaulizwa kwa nini amezidisha. Mwakani atachagua mwombaji mwingine, na wala si roho mbaya, ni hesabu. Dawa yake ni kifungu kimoja makao makuu kinacholipa marekebisho yote, kitengo kisikatwe hata shilingi. Marekebisho mengi hayatagusa hata kifungu hicho: kubadili zamu, kuinua meza kwa vipande vya mbao, kumhamishia mtu ghorofa ya chini, kuweka programu isiyolipiwa.

La pili ni nani anakubali na nani anakataa. Kwa kawaida ombi la kiti au la programu linahitaji saini nne ili likubaliwe, na halihitaji hata moja ili life mezani kwa mtu. Ligeuzwe. Ofisa utumishi akubali peke yake hadi kiwango fulani cha fedha, ndani ya siku 14. Anayetaka kukataa ndiye apande ngazi: aandike sababu, na kukataa kuwe halali kwa saini ya mkurugenzi mkuu pekee. Mkishaweka utaratibu huu, sehemu kubwa ya maombi yataisha palepale, kwa sababu hakuna mkuu wa kitengo anayependa kwenda ghorofa ya juu kueleza kwa nini amekataa taa ya mezani.

La tatu ni maswali ya kikao. Bosi akiuliza mauzo kila mwezi, mauzo yanafuatiliwa. Basi kila robo mwaka amuulize kila mkuu wa kitengo: wangapi waliomba, wangapi waliitwa usaili, wangapi waliajiriwa, wangapi waliondoka, wangapi walipandishwa cheo. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Kampuni inaweza kuwa na asilimia 4 ya wafanyakazi wenye ulemavu, wote wa daraja la chini kabisa, miaka kumi.

La nne ni manunuzi. Vikwazo vingi havijengwi, vinanunuliwa: jengo la kupanga lisilo na lifti, mfumo wa mishahara ambao asiyeona hawezi kuutumia, basi la wafanyakazi lenye ngazi tatu nyembamba. Waraka wa nusu ukurasa kwamba hakuna mkataba wa jengo, programu au usafiri utakaosainiwa kabla ya kujaribiwa na mtumiaji mwenye ulemavu unaokoa fedha nyingi kuliko ukarabati.

Mwisho, mkumbushe kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza fursa sawa na kuondoa ubaguzi, na ulemavu ni miongoni mwa misingi ya ubaguzi iliyokatazwa. Ukienda kumwona, nenda na waraka ulioandikwa tayari, unaosubiri saini tu. Omba dakika 15. Keki iendelee, haina ubaya.

Nimejenga rampu kwenye hoteli yangu, lakini mhasibu wetu anayetumia kiti mwendo bado anasukumwa na watu wawili. Fundi anasema amejenga vizuri. — Mama mwenye hoteli, Arusha

Mama, chukua futi kamba. Pima kimo kutoka ardhini hadi sakafu ya mlangoni, kisha pima urefu wa rampu kwa kufuata ardhi bapa, si kwa kufuata mteremko. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kimo, sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 ni kimo cha sentimita 45, kwa hiyo rampu yako inatakiwa iwe na urefu wa mita 5.4. Tunakisia fundi amekujengea mita mbili, maana hapo ndipo nafasi ilipoishia. Huo ni mteremko wa 1 kwa 4 na kitu, unaofaa kupandishia mapipa.

Kama nafasi ya kwenda moja kwa moja hakuna, inakunjwa: inapanda nusu, inakutana na jukwaa bapa la sentimita 150 kwa 150, inageuka, inamalizia. Upana wa njia uwe sentimita 120. Juu, mbele ya mlango, liwepo jukwaa kama hilo. Bila jukwaa, mtu anashika kitasa kwa mkono mmoja na kuzuia kiti kisirudi nyuma kwa mkono mwingine, na mlango ukifunguka kuja nje unamsukuma. Pembeni weka ukingo wa sentimita 10 ili gurudumu lisichomoke, na mshikio wa bomba kwenye kimo cha sentimita 90 hivi. Umaliziaji uwe wa saruji iliyokwanguliwa kwa ufagio kabla haijakauka. Vigae vinavyong'aa, hata kama vimelingana na vya mapokezi, mvua ikinyesha havipandiki.

Halafu angalia chini inaishia wapi. Rampu ngapi mjini zinaishia kwenye mtaro!

Ukishamaliza hapo, nenda chooni. Mlango upitishe sentimita 90 wazi, ufunguke kwenda nje, na ndani pawe na nafasi ya kugeuza kiti, sentimita 150. Choo kiwe cha kukaa, kimo cha sentimita 45 hadi 48, na vyuma vya kushikia vilivyofungwa ukutani kwa boliti. Vya skrubu ndogo hung'oka na mtu. Na ufunguo usikae kwa msimamizi wa usafi. Vyoo vya namna hii vina desturi ya kugeuka stoo ya mifagio.

Mwombaji bora kwenye usaili wetu wa karani wa hesabu haoni kabisa. Je, kweli ataweza kompyuta? — Meneja fedha, Dar es Salaam

Ataweza kompyuta. Swali ni kama mafaili yenu yatamweza yeye.

Asiyeona hutumia programu inayosoma skrini kwa sauti. Iliyo maarufu kwenye Windows na isiyolipiwa ni NVDA, iliyoanza mwaka 2006 kwa kazi ya Waaustralia wawili, Michael Curran na James Teh, wote wasioona. Sauti inayokuja nayo ina Kiswahili pia, ingawa lafudhi yake itakuchekesha siku ya kwanza. Gharama yako ni spika za masikioni. Jedwali za Excel inazisoma vizuri, kisanduku kwa kisanduku.

Zinapoharibika ni hapa. Visanduku vilivyounganishwa kwa ajili ya urembo huivuruga: msomaji hajui tena yuko safu gani. Rangi haitajwi, kwa hiyo kama deni lisilolipwa mnalipaka jekundu tu, kwake halipo. Ongezeni safu ya "Hali" yenye neno "halijalipwa". PDF iliyopigwa picha haisomeki mpaka ipitishwe kwenye programu ya kutambua maandishi. Risiti za mkono hata programu hiyo hushindwa. Hizo asomewe na mwenzake nusu saa kila asubuhi, na nusu saa hiyo iandikwe kwenye majukumu ya mwenzake. Isipoandikwa inageuka fadhila, na fadhila huchosha kabla mwezi haujaisha.

Mfumo wenu wa uhasibu ujaribu leo, kabla ya kumwita. Chomoa kipanya. Jaribu kuingiza ankara moja toka mwanzo hadi mwisho kwa Tab, mishale na Enter. Ukikwama, naye atakwama. Ukipita, washa NVDA ufunge macho: ikisema "kitufe, kitufe, kitufe" bila majina, mwandikie muuzaji wa mfumo, umwambie vitufe vyake havina majina. Hilo ni kosa lake la kurekebisha, si la karani wenu.

Siku ya mtihani wa vitendo mpe nusu saa ya kuiandaa mashine, na muda wa ziada wa nusu ya muda wa wenzake. Na unapomwongoza, usimkamate mkono ukamvuta; yeye ndiye ashike kiwiko chako.

Tuna viziwi watatu. Kwenye vikao mdogo wake mmoja wao, ambaye pia ni mfanyakazi, anawatafsiria. Inatosha? — Msimamizi wa karakana, Tanga

Kwa salamu, ndiyo. Kwa kikao cha nidhamu, mshahara au mkataba, hapana: ndugu hupunguza makali, huongeza ushauri wake, na siri ya mtu inabaki nyumbani kwao. Ajiri mkalimani wa lugha ya alama. Kikao kikizidi saa moja waite wawili wapokezane kila dakika 15 hadi 20, kwa sababu mkalimani aliyechoka huanza kuruka sentensi, na wewe hutajua. Mpe kabrasha siku moja kabla. Asimame karibu na msemaji, dirisha lisiwe nyuma yake, maana mikono itageuka kivuli.

Usidhani karatasi inamaliza kazi. Lugha ya Alama ya Tanzania ina sarufi yake, na kwa viziwi wengi Kiswahili cha kuandika ni lugha ya pili. Mkataba wa kurasa nane uliosainiwa si mkataba ulioeleweka. Kwa mazungumzo ya kila siku, mlete mwalimu kiziwi kupitia CHAVITA, chama cha viziwi, nusu saa mara mbili kwa wiki, afundishe karakana nzima alama za kazi zenu: zima, subiri, moto, imekatika, kesho. Taa ya dharura ifike hadi chooni.

Mimi ni mkandarasi wa barabara. Kijana mwenye ualbino ameomba kazi. Namnunulia mafuta ya jua, yanatosha? — Singida

Piga hesabu. Uso na shingo vinahitaji kama kijiko kimoja cha chai, na mafuta hurudiwa kila saa mbili. Kwa siku ya kazi ni mara nne, mililita 20, chupa ya mililita 100 inaisha siku ya tano. Hapo mikono bado. Wengi hununua chupa moja kwa mwezi wakashangaa ngozi inaungua. Nunua yenye kinga (SPF) ya 30 au zaidi. Kilisun hutengenezwa Moshi kwa ajili hiyo hasa. Yaweke kwenye orodha moja na buti na helmeti, ili yaagizwe bila kuombwa.

Lakini mafuta ni ngao ya mwisho. Kwanza ni ratiba: kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni awe kivulini, kwenye vipimo vya zege, stoo, kumbukumbu za malori. Pili ni nguo: mikono mirefu, kitambaa kisichopenyeza mwanga ukikiinua juani, na kofia yenye ukingo pande zote. Kapelo huacha masikio na shingo.

Macho pia. Wengi wenye ualbino wana uoni hafifu ambao miwani hairekebishi wote. Mchoro mchapie kwenye karatasi ya A3. Usimpe bendera ya kusimamisha magari.

Fundi wetu amekatwa mkono na msumeno kwenye kiwanda cha mbao. Mwenye kiwanda anataka kumlipa na kumaliza. — Mhasibu, Mafinga

Asiharakishe. Kwanza ajali iripotiwe Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, wenye jukumu la fidia na matibabu. Makubaliano ya mkononi hayafuti wajibu huo. Pili, kumwachisha mtu kwa kushindwa kazi kuna utaratibu wake kwenye Kanuni za Utendaji Bora za 2007: mwajiri atazame chanzo, kiwango cha kushindwa, uwezekano wa kurekebisha kazi au kumpa nyingine, na amsikilize mwenyewe. Kwa aliyeumia kazini hapo mwajiri anatarajiwa kujitahidi zaidi.

Fundi wa miaka kumi anajua kupanga madaraja ya mbao kwa jicho, anajua mashine inalia vipi kabla haijakwama. Upangaji wa madaraja, ukaguzi, kufundisha wapya. Aanze kwa kufanya kazi muda wa saa nne kwa siku, mpime upya kila wiki mbili. Na msumeno ule ufungwe kinga yake kabla ya lolote kati ya haya.

Kwetu Kenya kiwango ni kipi? — Mombasa

Asilimia 5, chini ya Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi. Waambie pia wafanyakazi wako wajisajili na baraza la taifa la watu wenye ulemavu, kisha waombe cheti cha msamaha wa kodi kutoka KRA, mamlaka ya mapato: shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya mwezi hazikatwi kodi. Cheti kina muda, kihuishwe kabla hakijaisha, la sivyo idara ya mishahara itaanza kukata bila kuuliza.

Mfanyakazi mwenye ulemavu akichelewa kila siku, naruhusiwa kumpa onyo? — Iringa

Ndiyo. Muulize kwanza kama daladala zinamkataa asubuhi kwa sababu ya kiti chake. Ikiwa ndivyo, zamu yake ianze kwa kuchelewa saa moja. Kama sivyo, onyo ni lilelile la wenzake, kwa hatua zilezile. Ila limfikie kwa namna anayoweza kulisoma: asiyeona mtumie faili la maandishi, si karatasi yenye muhuri.